Kulala Kando ya Mto Zigi, Chini ya Machimbo ya Sakale

Mtu wa Tanga mjini akifungua bomba asubuhi, anakinga Mto Zigi. Mto huo, ambao kwenye ramani huandikwa pia Sigi, unatoka kwenye misitu ya Usambara Mashariki, unashuka kupitia Amani na Kisiwani hadi bwawa la Mabayani. Hapo Tanga UWASA huyachukua maji, huyasafisha na kuyasambaza majumbani. Yanayobaki huendelea hadi Amboni, karibu na mapango, kisha baharini. Naanzia bombani kwa makusudi. Vijana wengi wanaoniomba ushauri wa kwenda kupiga kambi kule juu huanza na picha walizoziona: maporomoko, moto wa jioni, hema la rangi kali katikati ya kijani. Ni wachache wanaouliza nani anakunywa maji hayo huko yanakoelekea. Na siku hizi kuna swali jingine, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: "Na ile dhahabu ya Sakale, bado ipo?"

Tuanze nayo hiyo dhahabu ya Sakale, kijiji kilicho huko juu milimani, maana ndiyo inayoamua hema likae wapi, maji uyateke wapi na samaki umle au umwache.

Nchi hii ina machimbo ya zamani kuliko haya. Sekenke, kule Singida, ilianza kuchimbwa mwaka 1909 enzi za Wajerumani, na Lupa, Chunya, ilivuma miaka ya 1920 na 1930. Usambara Mashariki haikuwamo kwenye orodha hiyo. Mjerumani alipopanda huku alitaka mbao na mashamba; mwaka 1902 akaanzisha Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia, na miaka hiyo hiyo ikajengwa reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Zigi ya kushushia mbao. Dhahabu ilikuja kuwasha watu karne moja baadaye. Mwishoni mwa 2003 na kuingia 2004, habari zilienea kwamba vijito vya milima hii vina dhahabu ya mchangani, na rashi ikatokea. Watu walipanda kwa maelfu, wengi wao kutoka nje kabisa ya Muheza, na sururu, makarai na zebaki. Walichimba kingo za mito, wakachimba chini ya mizizi ya miti ndani ya misitu iliyohifadhiwa, na maji yakageuka uji mwekundu. Serikali iliwaondoa. Lakini dhahabu ikishajulikana ipo mahali haisahauliki, na tangu hapo kila jina la Sakale linapotajwa upya, ugomvi ni ule ule: mchimbaji mdogo anayetafuta riziki juu, na mji mzima unaosubiri maji chini.

Kwa hiyo usitegemee kukuta mgodi wa kihistoria wenye bango na mlinzi anayekatisha tiketi. Utakachokiona ni mashimo yaliyoanza kumezwa na magugu, vichuguu vya mchanga uliooshwa, na sehemu ambazo kijito kimepanuka kuliko ulalo wake. Mwenye jicho ataona mengi. Asiye na jicho atapita akidhani ni shamba lililotelekezwa, na huyo ndiye anayetumbukia.

Ushauri wangu wa kwanza, ambao ningependa uushike hata ukisahau mengine yote: lala Zigi, Sakale uende mchana.

Zigi ndipo lilipo lango la chini la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa rasmi mwaka 1997 na ambayo leo iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Jengo la stesheni ya ile reli ya Mjerumani bado limesimama na limefanywa kituo cha wageni. Hapo una mto unaousikia usiku kucha, una askari wa hifadhi, una mahali palipokubalika kupiga hema, na mwinuko wake bado ni mdogo kiasi kwamba hutaganda. Amani yenyewe, juu zaidi, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, ni nzuri na ina ubaridi wa kuvaa sweta, lakini huko unalala juu ya mgongo wa mlima. Mto unaufuata kwa miguu. Sakale sikushauri kulala. Hakuna mpango wa wageni wa mahema, na mtu asiyejulikana anayewasha tochi usiku karibu na machimbo ya zamani anaweza kueleweka kwa namna mbili, zote mbaya: wachimbaji watamdhania mpelelezi, na walinzi watamdhania mchimbaji.

Ruhusa ichukue mapema. Msitu wa hifadhi hauingiwi kwa kupita tu. Kuna kiingilio, kuna ada ya kambi, na malipo ya serikali siku hizi ni kwa namba ya kumbukumbu, siyo noti mkononi. Mtandao wa simu kule huja na kuondoka, hivyo ukiweza kupata namba hiyo na kulipia ukiwa bado Muheza, utajiokoa na aibu ya kusimama getini ukiinua simu juu kama unaomba dua ya mvua. Mwongozaji mchukue kutoka hapo hapo. Mtoto wa Kisiwani au wa Amani aliyekulia njia hizo anajua shimo liko wapi na kijito kipi hujaa ghafla, na malipo yake yanabaki kijijini. Ukienda Sakale, pitia kwanza ofisi ya kijiji, jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji, saini kitabu cha wageni. Sema waziwazi umekuja kutembea. Usiende na sepeto lenye mpini mrefu, hata kama ni la kuchimbia choo. Koleo fupi la bustani linatosha, na halimshtui mtu.

Kufika si kazi. Kutoka Tanga hadi Muheza ni lami, kama kilomita 40. Kutoka Muheza hadi Zigi ni kama 25, na pasipo na lami utakuta vumbi, au utelezi, kutegemea mwezi. Magari ya abiria ya kupanda mlimani ni machache. Ulizia stendi ya Muheza asubuhi na mapema, si saa nane mchana wakati limebaki moja na limeshajaa magunia. Bodaboda wapo, ila mtu na hema, sufuria na mtungi wa gesi nyuma ya pikipiki kwenye zile kona ni jambo ambalo sitalipigia debe.

Majira ndiyo yanayonifanya nigombane na watu. Amani hunyeshewa karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata miezi inayoitwa ya kiangazi huko ina manyunyu yake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usiende kulala kando ya mto. Vuli, Oktoba hadi Desemba, nenda ukiwa na moyo wa kurudi. Januari na Februari inafaa. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yangu, japokuwa Julai usiku ni baridi ya kweli kwa mtu wa pwani aliyezoea kulala na shuka moja. Na kumbuka jambo hili ambalo mtu wa tambarare husahau: mvua inayokuua si lazima ikunyeshee. Inaweza kunyesha juu, Kwamkoro au huko Sakale, wewe Zigi ukitazama nyota, na baada ya muda mto unapanda. Dalili huja kabla: maji yanabadilika rangi, majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi, sauti ya mto inanenepa. Ukiona hivyo usingoje kuhakikisha. Hamisha watu kwanza, hema baadaye.

Hilo linatuleta kwenye umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hema la siku mbili si nyumba, najua, na utaniambia fulani alipiga picha yake hema likiwa limegusa maji. Lakini mita 60 ni kipimo kizuri cha kujiwekea mwenyewe. Kinakuepusha na mafuriko na mbu wa ukingoni, na kinaweka choo chako, majivu yako na povu la sabuni yako mbali na sufuria za watu wa Tanga. Hesabu hatua ndefu 70 hivi, utakuwa umefika. Ukiwa kwenye eneo la kambi la hifadhi, fuata utakapoonyeshwa na askari. Ukichagua mwenyewe, tafuta ardhi iliyoinuka, na kabla ya kutandika turubai tazama juu. Miti mikubwa ya msitu huu huangusha matawi mazito, na mti mkavu uliosimama ni jirani mbaya. Kisha tazama chini. Kama kuna mstari wa siafu, hata mwembamba, ondoka kabisa. Majivu kuzunguka hema husaidia kwa siafu waliopotea njia, lakini jeshi lenye safari yake halisimamishwi na majivu.

Jihadhari pia na ardhi tambarare, laini, isiyo na miti mikubwa, iliyo karibu na kijito. Mpiga kambi huipenda kwa macho, lakini maeneo ya juu inaweza kuwa mchanga ulioachwa na wachimbaji: marudio, kama wanavyoyaita wenyewe, yaani udongo uliokwisha kuoshwa. Haushiki mambo za hema, hutitia mvua ikinyesha, na unaweza kuwa umeshika zebaki.

Hapa kwenye zebaki inafaa tukae kidogo, kwa sababu nasikia mambo ya kutisha yasiyo ya kweli na mambo ya kufariji yasiyo ya kweli pia.

Mchimbaji mdogo huosha mchanga, hubaki na mchanga mzito wenye chembe za dhahabu, kisha huukanda na zebaki. Zebaki hushikamana na dhahabu ikawa donge. Donge hilo huchomwa, zebaki ikaruka kama moshi, dhahabu ikabaki. Moshi huo ndio hatari kubwa kwa anayechoma na walio karibu naye. Zebaki iliyomwagika wakati wa kukanda ni nzito, huzama na kutulia kwenye tope la chini. Humo vijidudu vya maji huibadili ikawa ya aina inayoingia mwilini mwa viumbe, na hupanda ngazi kwa ngazi: wadudu wa majini, samaki wadogo, samaki wakubwa wanaokula wenzao, mlaji. Mji wa Minamata nchini Japani uligundua hilo kwa namna chungu sana miaka ya 1950, kupitia taka za kiwanda zilizomwagwa baharini, na mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia.

Kwa mpiga kambi maana yake ni rahisi. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo, hakuondoi zebaki. Vidonge vya klorini navyo haviiondoi, wala kitambaa cha kuchujia. Hata hivyo, kwa mtu wa siku mbili tatu, hatari kubwa zaidi iko kwenye tope na samaki kuliko kwenye kikombe cha chai. Kwa hiyo maji ya kunywa beba kutoka Muheza, au chota bomba la kijiji au la hifadhi baada ya kuuliza wenyeji wanakunywa yapi, na yachemshe. Usiteke chini ya mahali palipochimbwa. Usifukue tope la ukingoni, na watoto wasichezee mchanga wa machimbo hata kama unang'aa. Kinachong'aa mara nyingi ni ulanga tu. Samaki wa vijito vya juu mwache. Ukitaka samaki, Tanga ni mji wa bahari. Nunua dagaa wakavu sokoni kabla hujapanda, hawana uzito na hawaharibiki.

Kuoga mtoni kunawezekana pale maji yanapokimbia juu ya mawe, kwa sharti kwamba sabuni inabaki kambini. Chota ndoo, nenda nayo mbali, jisugue huko, maji machafu yamwage kwenye udongo. Kwenye vidimbwi vilivyotulia usiingie, kwa sababu ya kichocho. Na mashimo ya machimbo yaliyojaa maji usiyageuze kuwa bwawa la kuogelea, hata yakionekana safi kiasi gani. Kingo zake zimechimbwa kwa ndani, hubomoka chini ya mguu, na kutoka ni kazi. Ukipanga kushuka kulala sehemu za chini za mto, karibu na Mabayani au Amboni, uliza wenyeji habari za mamba kabla hujavua viatu. Utacheka, lakini uliza.

Ukitembea Sakale, tembea nyuma ya mwenyeji, kwa mstari mmoja, kwenye njia inayotumika. Duara, yaani shimo la mchimbaji linalokwenda chini, halina uzio, na nguzo za mbao zilizoshikilia kuta zake, yaani matimba, huoza haraka kwenye unyevu ule. Usiingie ndani kupiga picha, hata hatua tatu. Mtu akikukaribia na karatasi iliyokunjwa yenye chembe za njano, na bei yake ni nzuri mno, mshukuru uendelee na safari. Huenda ni shaba iliyosagwa. Ikiwa ni dhahabu kweli ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu tangu 2019 kuna masoko rasmi ya madini, na kununua pembeni bila leseni ni kosa. Vivyo hivyo karai. Najua kuna nchi ambako mtalii huoshea mchanga mtoni akaondoka na chembe kwenye kichupa, na ni burudani ya familia. Hapa uchimbaji unataka leseni, na ndani ya hifadhi ya mazingira asilia hauruhusiwi. Usijaribu hata kwa mzaha wa dakika tano na sahani ya bati. Ukikuta shimo bichi, lenye udongo ambao mvua haijaupiga, usipige picha sura za watu wala usianze kuhutubia. Geuka, na ukifika getini mweleze askari ulichokiona.

Upishi: jiko dogo la gesi. Kuni za msituni usikate, na hata zilizoanguka zina utaratibu wake, kwani wanakijiji wenyewe huokota kwa mpango. Kama moto wa jioni huwezi kuukosa, uliza kama unaruhusiwa na uuwashe palipokwisha kuwashwa. Chakula chukua kilicho kizito tumboni na chepesi mgongoni: unga, maharage yaliyochemshwa nyumbani, dagaa, nazi mbili. Ndizi utazikuta, na iliki, mdalasini na pilipili manga za mlimani ni nzuri na za bei ya shambani. Chungwa la Muheza halihitaji maelezo yangu. Maganda yake, lakini, rudi nayo. Tumbili akishajifunza hema ni ghala hatalisahau.

Vaa suruali ndefu na buti au viatu vilivyofunga kifundo. Msitu huu una nyoka wenye sumu, wakiwemo moma wakubwa wanaolala kwenye majani makavu na kutegemea kutokuonekana. Tochi usiku ni lazima hata kwa safari ya kwenda kujisaidia. Ukishuka kwenye vichaka vya tambarare miezi ya kiangazi, jihadhari na upupu. Asiyewahi kupitiwa nao ataudharau, basi na audharau mara moja.

Usiku utasikia mengi na kuona machache, ndivyo msitu ulivyo. Asubuhi tazama juu ya miti uone mbega. Kwenye majabali yenye ukungu kando ya vijito tafuta ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Huyo ndiye babu wa maua yanayokaa madirishani Ulaya nzima; Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya hii, alipeleka mbegu zake kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890 na likapewa jina lake, Saintpaulia. Usiling'oe. Kando ya mito ndiko linakopatikana, na kingo hizo hizo ndizo wachimbaji walizozipindua.

Wenyeji, Wasambaa juu na Wabondei chini, ni watu wa kuzungumza wakiamkiwa vizuri. Wazee wengi wanaikumbuka rashi. Usiwahoji kama polisi. Kaa barazani, nunua chai, mazungumzo yatafika yenyewe. Utasikia wanaoilaani na utasikia wanaoikumbuka kama miezi pekee ambayo pesa ilipita kijijini. Wote wanasema kweli. Ukibahatika kukutana na wakulima wa UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wanaohifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi, waulize wanavyolima kwenye miteremko ile bila kuushusha udongo mtoni. Ni darasa zuri kuliko mabango yote ya getini.

Siku ya kuondoka, fukia choo vizuri, kichimbwe tangu mwanzo kwa kina cha shibiri moja hivi. Majivu yaliyopoa yatawanye mbali na maji. Plastiki zote rudi nazo hadi Muheza. Hema likung'ute, kwa sababu mbegu za magugu husafiri kwenye matope ya zipu na soli. Kama mvua imenyesha usiku, usikimbilie kushuka alfajiri. Subiri jua liikaushe barabara, gari la kwanza lipite, ndipo ufuate.

Na ukiwa umerudi nyumbani, homa yoyote ndani ya wiki chache usiisingizie uchovu. Muheza ina historia ndefu ya malaria, na siyo bahati kwamba watafiti wa ugonjwa huo wameweka kambi huko miaka mingi. Kapime siku hiyo hiyo. Ukiwa bado upande ule, Hospitali Teule ya Muheza ndiyo ya karibu. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda kapime mara moja. Kama uliingia kwenye maji yaliyotulia, omba kipimo cha kichocho wiki sita hadi nane baadaye, maana ukipima mapema mno kinaweza kisionekane. Mweleze daktari ulilala wapi na ulioga mto gani. Asipouliza, mwambie hivyo hivyo.